Sura ya Saba: Namba Iliyokuwa na Ndugu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, pale mgonjwa aliyelazwa juu ya meza ya upasuaji alipofumbua macho tumbo lake likiwa wazi. Alikuwa dereva wa trekta, pande la mtu. Alipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, akamkaba daktari koo, kisha moyo wake ukasimama na haukuwaka tena. Dawa ya kumlaza ilikuwa salio la wiki iliyopita, na hiyo haikuwa na neno. Dawa ya kumwongezea usingizi ilitoka stoo asubuhi ile. Ilikuwa maji. Vichupa vyote vilivyobaki kwenye rafu navyo vilikuwa maji, na dawa yenyewe ilikuwa imeyeyuka na aliyeichukua.

Kufika adhuhuri mtunza stoo alikuwa na pingu mikononi. Kufika jioni wakubwa walikuwa wameshasema redioni kwamba kesi imekwisha. Wakubwa huwa wepesi hivyo, mradi aliyekamatwa ni mtu mdogo.

Jalada lilimfikia Mgane Alhamisi. Hakupewa achunguze, alipewa apange karatasi vizuri ziende kortini Ijumaa asubuhi. Mgane ndilo jina walilomwita pale kituoni tangu mkewe afariki, naye hakulikataa. Mkewe alifia hospitali hiyohiyo, enzi za kufuli la kawaida, dawa ikiwa nyuma ya mlango na mwenye ufunguo akiwa semina.

Kituo kizima kilinuka rangi ya viatu. Ilikuwa siku ya ukaguzi, na kofia zenye nembo zilikuwa zikipishana koridoni tangu asubuhi, nyingine zikienda kunywa chai, nyingine zikitoka kunywa chai.

"Bega limeteguka," alilalamika askari wa mapokezi. "Kila anayepita hapa ana nyota. Saluti, saluti, saluti."

"Na asiye na nyota?"

"Huyo namvua mpaka soksi."

Kadi ya mlango wa mahabusu ilining'inia kifuani mwake kwa mnyororo. Aliinuka, akaigusisha, mlango ukalia na kuachia. Ulikuwa mlango mpya wa chuma, ndugu moja na ule wa stoo ya dawa. Milango hiyo iliagizwa kwa mpigo mwaka uliopita, ikazinduliwa kwa utepe, mkasi na hotuba ndefu. Kila mlango ulikuwa na kibati kilichochongwa namba, tarakimu mamia kwa mamia, mstari chini ya mstari, kama siafu waliopangwa wakatulia. Mgane alikuwa na picha ya kibati cha stoo kwenye simu yake. Akakipiga picha na hiki, apate cha kulinganisha.

Ndani, mtunza stoo alikuwa ananyonyesha. Pembeni yake amekaa mama mkwe wake, mkoba mapajani, uso umekunjwa.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Mimi ndiye wanayemtuma."

"Basi wapelekee salamu. Wamenipekua mpaka nepi ya mjukuu wangu. Nepi! Walichokikuta humo ni haki yao."

Mgane alivuta ndoo tupu akaikalia. Akamtazama mtunza stoo. Hakuwa na umri mkubwa, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Binti, kumbukumbu za mlango zinasema stoo ilifunguliwa Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Kadi ni moja tu, na ni yako. Ulifuata nini saa hizo?"

"Sikwenda. Nilikuwa nyumbani."

"Ulifika kazini saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

"Ukafungua kwa kadi."

Mtoto aliachia ziwa, akalia, akarudishwa.

"Mbona kumbukumbu hazina saa mbili?" Mgane aliuliza. "Mlango ulifunguliwa mara moja tu siku ile. Saa mbili uliingiaje?"

Mtunza stoo aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni mama mkwe.

"Mwambie, mwanangu. Au nimwambie mimi? Ni mimi niliyeiua hiyo kadi."

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza siku mbili, imenisaidia nini?" Alimgeukia Mgane. "Jumapili jioni niliunguza sufuria. Nikatafuta kitu kigumu cha kukwangulia ukoko. Nikaona kile kiplastiki chake kimetundikwa kwenye msumari. Sikujua kina roho ndani."

Mgane alifungua bahasha ya vielelezo na kuitoa kadi kwa kitambaa. Ubavu mmoja ulikuwa umelika, na kile kidude cha dhahabu kinachosomwa na mlango kilikwanguliwa hadi kubakia kovu. Kwenye mifereji yake kulikuwa na masizi. Akanusa. Moshi na ukoko uliokauka.

"Jumatatu nilikuwa mapumziko," alisema mtunza stoo polepole. "Jumanne nikaigusisha, mlango ukakataa. Nilitia saini kwamba nikiiharibu kadi kazi sina. Nilisimama pale. Nikausukuma tu kwa hasira, na ukafunguka. Ulikuwa umerudishiwa, haukushika. Afande, nilimshukuru Mungu. Nilidhani ameniokoa."

"Hukujiuliza nani aliuacha wazi?"

"Nilikuwa naogopa kufukuzwa. Nikatoa dawa, nikawapa wa upasuaji." Alivuta kanga akamfunika mtoto. "Nikawapa kwa mkono wangu mwenyewe."

Mkuu wa kituo alimsikiliza Mgane huku akijitazama kwenye kioo cha dirisha, akinyoosha kola.

"Hadithi tamu. Alifungua alfajiri, akaiba, akarudi nyumbani, akakwangua kadi. Kisha akamfundisha mama mkwe maneno."

"Aliyeiba kwa kadi yake mwenyewe aiharibu ya nini? Na auache mlango wazi?"

"Nijibu wewe kwanza. Kama si kadi yake, mlango ulifunguliwa na jini?"

"Na mtu aliyejua namba."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Hukusikia siku ya uzinduzi? Namba ile inatokana na namba mbili kubwa zilizozidishwa. Kadi inazijua hizo mbili, basi. Kompyuta zote za dunia zikae kuzitafuta, wajukuu wa wajukuu wako watazeeka hazijapatikana. Ndiyo maana wameichonga mlangoni, kila mtu aione. Hesabu haina uongo, Mgane. Kesi ya mauaji, haina dhamana. Kesho saa tatu awe kortini."

"Nipe mpaka jioni."

"Mpaka jioni utanipangia karatasi."

Mgane alisema ndiyo afande, akatoka, akapanda pikipiki yake, akaenda kwingine.

Dada wa marehemu mkewe alifundisha hesabu sekondari. Alimkuta kwenye chumba cha walimu, peke yake, amezungukwa na mitihani, miwani imeshikizwa kwa uzi.

"Shemeji. Umekonda. Nani anakupikia?"

"Nakula kwenye vibanda."

"Dada yangu angekuona angenilaumu mimi. Haya, umeleta nini? Wewe huji kusalimia."

Alimpa simu yenye picha ya kibati cha stoo, akamsimulia maneno ya Mkuu. Shemeji alikunjua kompyuta yake, akaisomesha picha ile, kisha akahakiki tarakimu moja moja kwa ncha ya kalamu. Kazi hiyo ilichukua muda. Mgane alikaa akisikiliza wanafunzi wakiimba kwa sauti moja jedwali la kuzidisha mahali fulani ng'ambo ya ukuta.

"Inaishia na saba," alisema hatimaye. "Kwa hiyo mbili haimo, tano haimo. Nimejumlisha tarakimu zake, tatu haimo. Nimejaribu vigawo vidogo vyote ambavyo mashine hii inavimudu. Hakuna."

"Basi ni namba tasa."

"Siyo tasa."

"Umesema haigawanyiki."

"Nimesema sijui inagawanyika kwa nini. Ni mambo mawili. Kuna kipimo, shemeji. Unachukua namba ndogo, unaizidisha kwa yenyewe mara nyingi ajabu, na kila hatua unagawa kwa hii kubwa na kubakiza baki. Kubwa ikiwa tasa, mwishoni lazima libaki moja. Mimi nimebaki na lundo la tarakimu, mistari kumi. Kwa hiyo nakuapia, ina wazazi. Wawili, kama alivyosema mkuu wako. Wote wawili tasa."

"Tasa, na wamezaa?"

"Kila mmoja peke yake ni tasa. Wakutanishe, watazaa. Usiniangalie hivyo, sikuwapa mimi majina." Alivua miwani. "Lakini siwajui, na siwezi kuwatafuta. Hapo mkuu wako kasema kweli. Mtoto huyu nimemshika mkononi, namgeuza huku na huku, najua ana baba na mama, na hakuna dawa ya kuwaona."

Mgane alishusha pumzi. Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa usoni mwake. Kesho saa tatu, mtunza stoo kizimbani, mtoto mikononi mwa bibi. Akanyoosha mkono kuchukua simu yake, na picha iliyofuata ikajitokeza kwenye kioo.

"Hiki nacho?" shemeji aliuliza.

"Kibati kingine. Namba nyingine kabisa, nimelinganisha."

"Fundi ni yuleyule?"

"Yuleyule. Vilikuja kwa mpigo."

Shemeji hakumrudishia simu. Aliisomesha na hiyo, safari hii mikono yake ikienda haraka. Kisha akasimama ubaoni.

"Darasa la sita ulifika?"

"La saba. Nikaishia hapo."

"Kigawo Kikubwa cha Shirika walikufundisha."

"Walinichapia."

"Basi tazama." Akaandika 221 na 323. "Hizi mbili zinafanana?"

"Hapana."

"Toa ndogo katika kubwa."

"Mia moja na mbili."

"Sasa 221, toa hiyo mia na mbili. Toa tena."

Mgane alihesabu kwa midomo. "Kumi na saba."

"Mia na mbili, toa kumi na saba, toa, toa, toa. Inakwisha bila baki. Kwa hiyo kumi na saba imo katika zote mbili. Hii ni kumi na tatu mara kumi na saba, na hii ni kumi na saba mara kumi na tisa. Umeona nilivyofanya? Sikutafuta mzazi yeyote. Nilitoa tu. Mtoto mmoja peke yake anaficha siri mpaka kiama. Walete wawili wa baba mmoja, uwasimamishe pamoja, baba anajitokeza mwenyewe. Na namba ziwe kubwa vipi, kutoa ni kutoa. Mashine haitoki jasho."

Alirudi kwenye kompyuta. Akabonyeza mara moja. Hakukuwa hata na muda wa kukaa.

Kwenye kioo ilitokea namba moja, ndefu, nusu ya urefu wa zile mbili.

Shemeji aliitazama muda mrefu kuliko alivyozitazama zile zote. Aligawa ya stoo kwayo, haikubaki kitu. Aligawa ya pili, haikubaki kitu. Kisha akainuka, akaenda kufunga dirisha lililokuwa wazi mchana kutwa.

"Ndugu wa baba mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Nimezifungua zote mbili, shemeji. Hapa. Kwa hesabu ya darasa la sita."

"Nani mwingine anaweza?"

"Yeyote aliyepita mbele ya milango miwili akiwa na simu. Akishawajua wazazi, anaigusisha simu hiyohiyo badala ya kadi."

Mgane alikuwa ameshampigia fundi aliyetengeneza milango. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Ni mimi, polisi. Zile namba za milango zinatafutwaje?"

"Mashine inatafuta, mzee. Inaokota namba kubwa, inaipima kama ni tasa, ikikataa inaokota nyingine. Mbili kwa kila mlango."

"Na nyie mlitafuta mbili kwa kila mlango?"

Nyuma ya fundi nyundo iligonga chuma, ikaacha.

"Mzee, mimi ni mtu wa kuambiwa."

"Nami pia. Uliambiwa nini?"

"Mashine ilikuwa ya zamani, inachelewa. Uzinduzi umeshapangwa, mgeni rasmi kaalikwa, maturubai yamekodiwa. Meneja akasema, shika moja hiyohiyo, badilisha ya pili tu. Nikamwambia, bosi, hii si sawa. Akasema, nani atajua, namba zenyewe hazifanani? Wakaguzi walikuja, wakaangalia rangi ya milango, wakala, wakaondoka."

"Milango yote ina hiyo moja?"

"Yote, mzee."

Alipokata simu, shemeji alikuwa bado amesimama dirishani.

"Hukuniambia," alisema. "Kibati cha pili ni cha mlango gani?"

Mgane alikuwa ameshashika kofia yake.

"Wa mahabusu," alijibu. "Yumo mtunza stoo."

Njia nzima aliyapanga maneno ya kumwambia Mkuu. Mlango ule haumuulizi mtu yeye ni nani, unamuuliza anajua nini. Maneno mazuri. Alipofika kituoni alikuta hayana wa kuambiwa. Magari ya wakaguzi bado yalikuwa uani, madereva wamelala na milango wazi, na Mkuu alikuwa chumba cha chai na wageni wake.

Mama mkwe alikuwa bombani, anasuuza nepi. Alimwona Mgane anakuja mbio, akaiacha ikaanguka.

"Kuna nini?"

"Umetoka ndani lini?"

"Sasa hivi. Nimemwacha na mtoto. Kuna nini, baba?"

Askari wa mapokezi alifungua. Mtunza stoo alikuwa amejikunyata kwenye pembe ya mbali, mgongo kwa mlango, mtoto kambana kifuani, kafunikwa mwili mzima. Kwa kitambo Mgane hakujua kama wanapumua. Kisha mtoto akapiga chafya.

"Ni mimi," alisema Mgane. "Geuka. Ni mimi."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umekauka, machozi yamemwishia.

"Kaja mtu," alinong'ona.

"Nani?"

"Mlango ulilia, nikadhani ni mama. Akaingia, akaurudishia nyuma yake. Barakoa usoni, kofia kaishusha. Hakunigusa. Alisimama hapo ulipo wewe."

"Akasema nini?"

"Akasema, kesho wakikusomea, kubali kosa. Nikamwambia sikufanya. Akasema, najua. Kisha akamtazama mtoto. Akasema, mlango wenu wa nyumbani hauna hata namba."

Mama mkwe alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Sauti ilikuwa ya nani? Ya huyu?" Mgane alimwonyesha askari wa mapokezi, ambaye alirudi nyuma hatua moja.

"Hapana. Huyu namjua, ndiye anayeniletea uji. Yule alikuwa mtu mzima. Anaongea taratibu, kama aliyezoea kusikilizwa." Alifikiri. "Na viatu, afande. Viling'aa, ungeweza kujitazama."

Mgane alitoka koridoni. Kwenye kidude kilicho pembeni ya mlango alibonyeza kumbukumbu. Mara ya mwisho ilikuwa sasa hivi, askari alipomfungulia yeye. Ya nyuma zaidi ilikuwa ya kumtoa mama mkwe. Katikati, saa nane mchana na ushei, kulikuwa na kufunguliwa kwingine. Sahihi, kilisema kidude. Hakikusema la zaidi.

"Hii saa nane ulifungua wewe?"

"Siyo mimi. Wallahi siyo mimi. Saa hiyo sikunyanyuka kitini, na kadi hii hapa shingoni."

Kelele zilikuwa zimewatoa watu chumba cha chai. Mkuu alikuja mbele akipangusa mdomo, na nyuma yake kofia tano au sita zenye nembo, zikasimama kwa upana wa korido. Mgane aliteremsha macho sakafuni. Ilikuwa siku ya ukaguzi. Viatu vyote viling'aa.

"Hizi fujo za nini mbele ya wageni?" alisema Mkuu.

"Mkuu, mlango wa mahabusu umefunguliwa bila kadi. Sawasawa na ule wa stoo. Na mtunza stoo alikuwa ndani. Hesabu yako haina uongo, ila mliinunua bila kuikagua."

Mkuu alimtazama mmoja wa wageni wake.

Mgane alimgeukia askari wa mapokezi. Aliongea polepole, kila mtu asikie.

"Asiye na nyota unamvua soksi. Bibi kizee umempekua hadi nepi. Hakuna mgeni wa mtaani aliyekupita leo. Ni kweli?"

"Kweli, afande."

"Ukikaa pale mezani, kulia ni chai na choo. Kushoto ni mahabusu tu."

"Ndiyo."

Jasho lilikuwa limemtoka kijana wa watu, likimshuka shavuni mpaka kwenye kola. Hakulifuta. Macho yake yalikwenda kwenye zile kofia, yakaruka haraka, yakatua ukutani.

"Basi nikuulize mara moja tu," alisema Mgane. "Saa nane mchana, uliyempigia saluti akakata kushoto, ni nani?"